Tembo wa Dhahabu wa Tabora

Kengele ya mlango ililia mara moja, ikanyamaza kwa muda mrefu, kisha ikalia tena kidogo tu, kama mtu anayegusa bega la mwenzake kanisani. Hervé Kyungu aliinua macho kutoka mezani. Ilikuwa Jumamosi alasiri, Februari ya mwaka 1998, na mvua ilikuwa ikiteleza kwenye madirisha ya ghorofa ya tatu pale Saint-Josse, Brussels. Hakumtarajia mtu. Na Wakongo anaowajua yeye hawabonyezi kengele kwa woga namna hiyo. Huanza kuita jina lako wakiwa bado ngazi za chini, mpaka jirani Mturuki afungue mlango wake kuona kumetokea nini.

“Rolande, ni nani?”

“Miye niko na macho ya kupita mu kikuta?” mkewe alijibu kutoka jikoni. “Enda, fungula.”

Mlangoni alisimama mwanamke mzee, mfupi, amevaa koti la mvua la kiume lililomfika magotini, na chini yake kitenge cha njano kilicholowa ncha. Hervé hakuwahi kumwona.

“Jambo, papa,” alisema. “Ni hapa kwa papa Kyungu wa falanga za zamani?”

Kicheko kilitoka jikoni. Hilo ndilo jina walilompa parokiani, kwa sababu ya pesa za kale alizokusanya. Wengine waliamini kweli kwamba alikuwa na masanduku ya fedha za Mobutu alizosahau kubadilisha.

“Ni hapa, maman. Ingia, usibaki mu baridi.”

Mgeni alivua viatu, akakataa kuvirudisha miguuni alipoambiwa hakuna haja ya kuvivua, akaketi kwenye ncha ya kiti. Jina lake Kahambu. Alitoka Butembo, mashariki mwa Kongo, alikuwa na miezi minane tu Brussels, kwa mtoto wake Josias, mitaa mitatu kutoka hapo, nyuma ya kanisa. Hakusema kilichomleta. Kwanza alinywa chai. Akauliza habari za watoto, akaambiwa wawili, wote wanasoma. Akauliza habari za Kolwezi, kwa kuwa alisikia Kyungu ni wa huko, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kufika Katanga. Alikula andazi la pili. Rolande aliketi naye bila haraka yoyote, na Hervé naye akatulia, maana alilelewa hivyo hivyo: mgeni hasukumwi kusema.

Mwishowe maman Kahambu alifuta vidole, akamwambia Rolande, “Mama, simama hapa mbele yangu kidogo.” Rolande akasimama. Nyuma ya mgongo wa Rolande palisikika vitambaa vikifunguliwa na pini ikitolewa. Kisha mkono mdogo ulitokea ukaweka juu ya meza kitu cheusi, kama tonge la ugali lililoungua.

“Ni nta ya nyuki,” alisema. “Baba ndiye aliifunga mu nta. Tangu afe niliifungua mara moja tu, nikaifunga tena.”

Alianza kuibandua kwa ukucha. Kipande kikaanguka, kikafuata kingine, na katikati ya ule weusi ukatokea mkonga ulioinuliwa juu, kisha sikio, kisha mgongo, kisha milima nyuma yake. Hervé aliinuka kitini.

Inafaa kueleza kwa nini.

Mwaka 1916, wakati wa vita vile vya kwanza, Wajerumani waliotawala Tanganyika walikuwa wamezingirwa baharini na hawakuweza kuletewa fedha kutoka kwao. Basi huko Tabora, katikati ya nchi, wakageuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha sarafu. Mafundi waliozoea kutengeneza magurudumu ya treni wakaanza kupiga pesa: za shaba nyekundu, za shaba ya njano, na kwa miezi michache, za dhahabu ya Sekenke. Zile za dhahabu zilikuwa elfu kumi na sita hivi, kila moja na tembo upande mmoja na tai upande wa pili, na herufi T ndogo. Mwaka huohuo majeshi ya Kongo, askari weusi chini ya maofisa wa Kibelgiji, na nyuma yao wapagazi wasiohesabika, yakaingia Tabora, na kazi ile ikaisha.

Hervé aliiona sarafu yake ya kwanza ya Tabora mwaka 1986, ya shaba, kwenye mkeka wa mwuzaji wa vitu vikuukuu pale Place du Jeu de Balle, katikati ya vijiko na funguo zisizo na milango. Baba yake alikuwa fundi wa karakana ya reli Kamina. Alipoambiwa kwamba pesa ile ilipigwa na watu wa karakana, waliokuwa na mafuta ya mashine mikononi, alicheka peke yake sokoni, akainunua. Baada ya miaka kumi na miwili alikuwa nazo kumi na tatu, zote za shaba, zote za aina tofauti: taji kubwa, taji dogo, herufi yenye ncha kali, herufi iliyojikunja. Alizijua kama mtu anavyojua sauti za ndugu zake gizani. Ilibaki ya dhahabu. Kila mwezi aliweka kando kitu kidogo kwa ajili yake, na kila mwaka Rolande alimwuliza kama huyo tembo ataletwa kwa ndege au kwa meli.

Sasa alikuwa ameletwa kwa miguu, mvuani.

Hervé alivuta taa ya mezani karibu. Alifanya kazi kiwanda cha magari kule Forest, sehemu ya rangi. Magari yalipita mbele yake chini ya taa nyeupe ndefu, na kila alipoona mkwaruzo, hata mwembamba kama unywele wa mtoto, aliuzungushia duara kwa chaki. Macho yake yalilipwa ili yasisamehe kitu. Aliigeuza ile sarafu ukingo kwa ukingo, akaipitisha mwanga huku na huku, akatafuta mahali pa kuzungushia duara. Hakupaona. Nta ilikuwa imemlinda tembo kwa miaka themanini. Alikuwa kama alivyotoka chini ya nyundo.

“Maman,” alisema, “baba yako aliipata wapi?”

Maman Kahambu alicheka mpaka macho yakafumba. “Ile ni shida. Baba alikuwa mupagazi. Alibeba masanduku ya risasi kutoka kwetu mupaka Tabora, ku kichwa. Lakini hii kitu, kila mara alisema namna ingine. Siku moja alisema aliiokota chini ya kinu. Siku ingine, mwanamuke moja alimupa juu ya kumuchotea maji. Akikunywa kidogo, alisema alishinda mu karata.”

“Na wewe unaamini gani?” Rolande aliuliza.

“Naamini baba alikuwa anapenda kusema.” Akajifuta machozi ya kicheko. “Mama yangu alitaka itoke ku mahari ya kaka. Baba alikataa. Vita ikakuja, niliishona mu nguo, nikatembea nayo. Sasa nimefika. Siko natembea tena. Nataka mashine ya kushona, ile ya kukaza pindo. Pale kwa Josias ninakaa tu kama sufuria.”

Alikuwa amekwisha kwenda kwenye duka moja la vito, akaeleza. Kijana wa dukani aliiweka juu ya mizani akataja bei ya dhahabu, bila hata kumtazama tembo usoni. Ndipo mtu wa kwaya akamwambia: nenda kwa Kyungu.

Hervé angeweza kuongeza kidogo juu ya bei ya yule kijana, na mama yule angeondoka akimbariki. Wazo hilo lilipita, na halikuombwa kuketi. Alichukua kitabu cha bei za sarafu, akamwonyesha picha, akaweka kidole kwenye mstari wa chini kabisa, ule wa sarafu ambazo hazikuguswa.

“Ya kwako ni ya hapa. Quarante-cinq mille, elfu arobaini na tano, falanga za hapa Ubelgiji. Miye niko nazo, zote. Zinangojea yeye tu.”

Maman Kahambu alitazama namba, akamtazama Rolande. Rolande aliinamisha kichwa kwamba ni kweli.

“Bon,” mzee alisema. “Lakini leo ni siku ya kuonyesha. Siku ya kutoa ni ingine. Kitu ya baba haitoke mu nyumba siku moja tu, mbio-mbio, kama nimeiiba. Nitaileta Jumamosi.”

Hervé alielewa. Kwao pia hawatoi binti siku aliyochumbiwa.

“Na utaifanya nini?” maman Kahambu aliuliza, akianza kuifunga katika leso.

Basi Hervé akamweleza. Jumapili ya pili ya kila mwezi alikwenda Laeken, kwenye chama cha wakusanyaji wa sarafu, Wabelgiji kumi na wanne na yeye. Kila Machi walifanya maonyesho katika ukumbi, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, walimpa kabati la kioo la kwake peke yake. Waamuzi watatu wangekuja kutoka miji mingine. Mwenye alama sabini na tano au zaidi angepelekwa kwenye maonyesho makubwa ya Oktoba. Na huko, Hervé alisema, akisahau kwamba chai yake imepoa, huko kila mtu akizungumza habari za Tabora huzungumza gavana na mhandisi na dhahabu, hakuna anayetaja mafundi wala wapagazi. Yeye angewataja. Angeandika kadi nzuri.

“Utaandika jina ya baba?”

“Anaitwa nani?”

“Kambere Muhiwa.”

“Nitaandika. Tembo yake itakaa pale, na jina yake chini. Na wewe utakuja kuiona.”

“Hautageuza neno?”

“Sitageuza, maman.”

Alimpa mkono, na mzee akaushika kwa mikono yote miwili. Akashuka ngazi polepole, na Hervé akarudi mezani akaketi mbele ya vipande vya nta, anatabasamu kama mtu aliyesahauliwa na fundi wa picha. Kwa furaha ile alisahau kusema neno moja ambalo mkusanyaji yeyote husema kabla ya kusalimia. Hakumwambia asiisafishe.

Jumamosi iliyofuata hakukuwa na mvua. Maman Kahambu alikuja na kitenge kipya na kilemba, na mkononi kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe maua kwenye pembe. Safari hii aliita kutoka ngazi za chini. Aliketi, akanywa chai, akakiweka kitambaa mbele ya Hervé na kukifungua pembe moja baada ya nyingine.

Tembo aling'aa kama bati jipya juani.

“Nilimuosha,” alisema kwa furaha. “Kitu ikitoka mu nyumba ya watu inatoka safi. Hata bibi-harusi, si tunamuosha? Kwetu ni majivu na ndimu. Ndimu iko hapa, lakini majivu, papa, nilitafuta mu Bruxelles yote, hakuna mwenye kupikia kuni. Alors nikachukua ile poudre ya kusugulia masufuria, na sponge ya kijani. Nilisugua siku mbili. Ona vile anacheka.”

Hervé alivuta taa. Hakuhitaji. Mikwaruzo ilikuwa kila mahali, mamia kwa mamia, yote imezunguka duara moja kama mkono ulivyozunguka, juu ya ubavu wa tembo, juu ya milima, juu ya mabawa ya tai. Kama lingekuwa gari, lingerudishwa mwanzo wa mstari. Chaki isingetosha.

Rolande alisimama mlangoni mwa jikoni na sinia, haendi mbele harudi nyuma. Miaka kumi na miwili ya kuishi na mtu huyu ilimfundisha maana ya mkono wake kutulia namna ile juu ya taa.

“Iko safi, papa?” maman Kahambu aliuliza.

Alikuwa akimtazama kama mwanafunzi aliyeleta daftari.

“Iko safi, maman,” Hervé alisema. “Sijaona bado sarafu iliyosafishwa hivi.”

Akainuka, akaenda chumbani, akaleta bahasha. Ilikuwa ile ya akiba ya tembo, na ndani yake kilikuwa kiasi kilekile alichotaja Jumamosi iliyopita. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaitia kifuani bila kuifungua, na baadaye wakazungumza sana juu ya mashine, kwa kuwa Rolande alijua duka kule Schaerbeek wanakouza zilizotumika lakini nzuri.

Alipoondoka, Rolande alikusanya vikombe.

“Ungemwambia.”

“Nimwambie nini? Kwamba amekosa kwa sababu ana heshima?”

“Ungesema bei imeshuka kidogo.”

“Ni mimi nilinyamaza ile siku. Yeye alifanya kama mama yake alivyomfunza.” Alizima taa ya mezani. “Na kusema kweli, Rolande, niko nayo. Miaka yote hii. Iko hapa.”

Rolande alimtazama kwa pembe ya jicho kuona kama anajidanganya. Alikuwa akijidanganya nusu tu.

Nusu ya pili ilimpata Laeken. Mwenyekiti wa chama, Monsieur Wauters, aliyekuwa dereva wa tramu miaka thelathini na kuendelea kuamka saa kumi alfajiri kwa mazoea, alitazama sarafu kupitia lenzi yake kwa muda mfupi sana. Aliiweka chini taratibu, kama mtu anayerudisha kitoto cha ndege kwenye kiota.

“Maskini Hervé,” alisema kwa Kifaransa. “Ilikuwaje kabla?”

“Kamili.”

“Wewe mwenyewe uliiona?”

“Nilikuwa nayo mkononi.”

Wauters aliguna. Hakucheka, na Hervé alimshukuru kwa hilo moyoni. “Unajua waamuzi. Sarafu iliyosuguliwa, wanakata alama ishirini bila kuinua kalamu. Zako za shaba ni nzuri kuliko za mtu yeyote humu. Kwa hizo na kadi zako ungekaribia themanini. Na hii, hamsini na kitu.”

“Niiache nje basi? Nionyeshe za shaba tu?”

“Kabati la Tabora bila tembo? Wataandika kwamba halijakamilika.” Mzee alikuna kidevu. Kisha akafanya jambo ambalo Hervé hakulitegemea. Alifungua mkoba wake, akatoa kibweta kidogo chenye kitambaa cha buluu. “Chukua ya kwangu. Nilirithi kwa shemeji. Haijaguswa. Iweke kwenye kabati lako siku mbili hizo. Wanachama huazimana, hakuna sheria inayokataza. Oktoba utaichukua tena.”

Hervé alimtazama. Wauters alikuwa mtu anayefunga sarafu zake kwa kufuli mbili.

“Na kadi?”

“Kadi inahusu Tabora. Tembo ni tembo.”

Ijumaa, siku moja kabla ya ufunguzi, Hervé alitoka zamu ya asubuhi akaenda moja kwa moja ukumbini. Alipanga sarafu kumi na tatu za shaba kwenye velveti ya kijani. Katikati akaweka tembo wa Wauters. Alirudi hatua mbili nyuma. Kwa kweli lilikuwa kabati zuri. Lilitulia machoni kama wimbo uliofika mahali pake. Chini ya tembo akaweka kadi aliyoiandika mwenyewe kwa wino mweusi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: Sarafu hii ilitoka Tabora mkononi mwa Kambere Muhiwa, mpagazi, aliyebeba masanduku ya risasi kutoka Butembo mwaka 1916. Aliihifadhi kwenye nta. Binti yake, Kahambu, aliileta Brussels.

Aliisoma mara mbili. Mara ya pili aliisoma upesi zaidi.

Nyumbani, wakati wa chakula cha jioni, alimsimulia Rolande: kabati, velveti, ukarimu wa Wauters. Alieleza kwamba maman Kahambu asingeona tofauti, maana zote mbili zina tembo, zote zinang'aa, na jina la baba yake lingekuwa pale pale. Alieleza vizuri sana, kwa mpangilio. Rolande alikuwa akimenya samaki wa kukaushwa kwa moshi, anatoa miba mmoja mmoja na kuipanga pembeni mwa sahani.

“Donc,” alisema hatimaye, “baba ya yule maman alibeba falanga ya shemeji wa Monsieur Wauters.”

“Rolande.”

“Nauliza tu. Alibeba ku kichwa ao mu mufuko?”

Hervé alitaka kukasirika, na kicheko kikamtangulia. Alicheka akiwa na samaki mdomoni, mpaka akakohoa, na Rolande akampiga mgongoni bila huruma.

“Ni Oktoba, Rolande,” alisema baadaye. “Sitapata ingine. Pesa imekwisha, na ya kwanza sitaweza kuirudisha vile ilikuwa. Miye nilitaka wasimame pale Oktoba, watu wengi, wasome.”

“Najua.”

Alimsogezea kipande cha mgongo wa samaki, kile kisicho na miba.

Asubuhi Hervé alifika ukumbini hata kabla ya mlinzi kuwasha taa zote. Wauters alikuwapo, bila shaka. Hervé alifungua kabati, akamtoa tembo asiyeguswa, akamrudisha kwenye kitambaa cha buluu na kumkabidhi Wauters, kisha akaweka pale tembo wa maman Kahambu.

“Nakushukuru kweli,” alisema. “Lakini nilimwahidi mtu kwamba itakuwa ya baba yake. Nilimpa mkono.”

“Atajuaje?”

“Hatajua.”

Wauters alifunga kibweta, akakitia mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. “Alama ishirini, Hervé.”

“Ndiyo.”

“Basi isogeze kidogo kushoto. Mwanga wa dirishani unaipiga vibaya hapo.” Akainama, akamsaidia kuisogeza.

Waamuzi walipita saa nne. Wawili walisoma kadi, wakaandika, wakaenda. Wa tatu, mwanamke mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja shingoni, aliinama mbele ya tembo aliyekwaruzwa akakaa hapo kwa muda. Aliinuka, akamtazama Hervé kana kwamba angeuliza kitu, kisha akaandika kama wenzake. Karatasi ilibandikwa mlangoni saa sita. Kyungu, karakana ya Tabora: hamsini na nane. Shaba, bora kabisa. Maelezo, bora kabisa. Kipande cha katikati kimesuguliwa. Makosa makubwa ya uhifadhi.

Hervé aliisoma mpaka mwisho. Alikunja mikono nyuma ya mgongo. Palimwuma, si kidogo, mahali pale pale alipokuwa amehifadhi Oktoba. Kisha akasikia jina lake likiitwa kutoka ngazi za nje, kwa sauti ambayo haikuzoea kumbi za Laeken.

Maman Kahambu alikuja na Josias, na wanawake wanne wa kwaya. Alikuwa amevaa gauni jipya, pindo limekazwa sawasawa kama la dukani, na aligeuka mara moja mbele ya Rolande, aliyekuwa amefika mapema kidogo, ili alione pindo. Baada ya hapo hakutazama kitu kingine njiani. Alipita makabati ya Warumi, makabati ya wafalme wa Ufaransa, akafika kwa Hervé, akasimama.

Alisoma kwa Kiswahili, kwa midomo, kisha kwa sauti.

“Kambere Muhiwa. Mupagazi.” Akasoma tena. “Josias, kuja uone. Babu yako iko mu Bruxelles.”

Josias akaja, mtu mzima mwenye bega pana, akainama mbele ya kioo. Wanawake wa kwaya walisogea wakasoma mmoja mmoja. Wabelgiji wawili wa Kiflamandi, watu wazima, mume na mke, waliokuwa wakipita kuelekea meza ya kahawa, waliona kundi na wao wakasimama.

“Waliangalia?” maman Kahambu alimwuliza Hervé. “Wale wakubwa?”

“Waliangalia. Mmoja alikaa hapa muda mrefu kuliko mahali pote.”

“Na wewe, walikupa zile alama?”

“Walisema za shaba ni bora kabisa,” Hervé alijibu. “Na maneno ya kadi.”

Mzee aliridhika, akaitikia kwa kichwa. Upande wa pili wa ukumbi Monsieur Wauters aligonga kikombe kwa kijiko na kuanza kusoma majina ya wale wa Oktoba. Watu wakaelekea huko kwa makofi. Hervé alileta kiti, akakiweka mbele ya kabati, na maman Kahambu akaketi.

Yule bibi wa Kiflamandi hakwenda. Alielekeza kidole kwenye kioo, akamwuliza Hervé kwa Kifaransa huyo baba aliipata wapi dhahabu.

“Anauliza baba aliipata wapi,” Hervé alimwambia maman Kahambu.

Mzee alinyoosha gauni magotini, akavuta pumzi, akajiweka sawa kitini.

“Mwambie,” alisema, “kulikuwa mwanamuke moja mu Tabora, na kisima chake kilikuwa mbali.”

Hervé alimgeukia yule bibi, akaanza kutafsiri, polepole, neno kwa neno, bila kupunguza kitu.